Skripti iliyokwenda Mjini ikagoma Pemba: kisa cha mstari wa kwanza

Mstari wenyewe ni huu:

#!/usr/bin/env python3 -u

Ulikuwa juu kabisa ya skripti (programu fupi ya maandishi, hapa kwa lugha ya Python) iitwayo soma_mizani, iliyoandikwa na kijana mmoja wa Mjini, Unguja, kwa ajili ya ghala la mwani kaskazini ya Pemba. Kwenye MacBook yake skripti ilikwenda bila shida wiki nzima ya majaribio. Kwenye kompyuta ya ghala, yenye Ubuntu 22.04, mfumo wa aina ya Linux, iligoma asubuhi ya kwanza ya kupima, akina mama wameshapanga magunia mpaka nje ya mlango. Niliitwa kuangalia. Kosa lenyewe ni dogo, lakini nakieleza kisa kwa urefu kwa sababu kila suluhisho lililojaribiwa mwanzo lilileta tatizo jipya, na matatizo hayo yanafundisha zaidi kuliko kosa.

Kazi ya skripti si kubwa. Mizani ya kielektroniki inatuma uzito kwa waya hadi kwenye kompyuta. Soma_mizani inapokea na kuandika mstari mmoja kwa kila gunia: tarehe, saa, kilo. Programu ya pili, jumla, inaichukua mistari hiyo, inaionyesha kwenye skrini iliyogeuzwa kuelekea kwa mkulima, kisha inajumlisha. Zimeunganishwa kwa paipu, yaani alama | inayopeleka matokeo ya programu moja kwa nyingine, ndani ya faili dogo la sheli (programu inayopokea amri unazoandika) liitwalo anza.sh:

./soma_mizani | ./jumla

Hiyo skrini ndiyo moyo wa mambo. Kilimo cha mwani cha biashara kipo Zanzibar tangu 1989 na wakulima wake wengi ni wanawake. Mtu ameingia baharini bamvua zima, amevuna, ameanika, ameubeba mzigo kichwani. Haondoki mbele ya mizani mpaka aone kilo zake, na ana haki. Kwa hiyo uzito unatakiwa utokee pale pale gunia linapokaa juu ya sahani. Ndiyo maana kijana aliweka -u: inaiamuru Python itoe kila kitu papo hapo, isikusanye kwanza. Hoja yake ilikuwa sahihi. Mahali alipoiweka ndipo palipomponza.

Asubuhi ile terminali (dirisha la amri) ilitoa hivi:

/usr/bin/env: ‘python3 -u’: No such file or directory
/usr/bin/env: use -[v]S to pass options in shebang lines
Jumla: 0.0

Karani wa ghala alinipigia simu. "Ami, python ipo, mie naiona kwa macho yangu. Yeye anasema haipo!"

"Hebu andika python3, acha nafasi, kisha jina la skripti. Inakwenda?"

"Inakwenda, ami. Lakini nikiiita kwa jina lake tu, inakataa."

Jibu hilo lilitosha kunionyesha pa kutazama. Ukiandika python3 mbele, Python ndiyo inayolifungua faili, na kwake yeye mstari unaoanza na alama ya reli, #, ni maelezo tu, anaupita. Ukiiita skripti kwa jina lake, anayeusoma mstari ule si Python wala si sheli. Ni kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta. Watu wengi wanaoandika skripti kila siku hawalijui hili, au wanalijua nusu: wanadhani mstari wa kwanza ni amri ya sheli iliyokaa juu ya faili, na kwamba itagawanywa kwa nafasi kama amri nyingine yoyote.

Kinachotokea ni hiki. Sheli inaiomba kerneli iliendeshe faili. Kerneli inasoma baiti za mwanzo. Ikikuta 0x23 na 0x21, yaani # na !, inajua hili si faili la mashine bali ni maandishi yenye msomaji wake, na jina la msomaji linafuata. Inamwita msomaji huyo na kumkabidhi njia ya faili. Mpango huu aliuingiza Dennis Ritchie wa Bell Labs mnamo Januari 1980, na mwaka huo huo ukaingia kwenye BSD, Unix ya Berkeley. Kabla ya hapo sheli ndiyo iliyobahatisha.

Tatizo ni kwamba hakuna kanuni moja ya namna ya kuusoma mstari huo baada ya jina la msomaji. POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, ambayo ndiyo ingetegemewa kuamua, inasema tu kwamba faili likianza na #! matokeo hayajaainishwa. Kila mfumo ukajiamulia.

Linux inaruka nafasi zilizo baada ya #!, inachukua neno la kwanza kuwa njia ya msomaji, halafu kila kilichobaki, baada ya kukata nafasi za mkiani, inakipeleka kama kipande kimoja kisichogawanyika. Kiwe maneno mawili au kumi, ni kipande kimoja. macOS inagawa yote kwa nafasi. FreeBSD, mrithi wa BSD, ilikuwa ikigawa kama macOS, ikabadilika kuanzia toleo la 6.0 mwaka 2005 na kufuata njia ya kipande kimoja. Kwa hiyo mstari ule ule, kwenye Mac ya Mjini, ulimfikishia env orodha hii:

env
python3
-u
./soma_mizani

na kwenye Ubuntu ya Pemba orodha hii:

env
python3 -u
./soma_mizani

Env kazi yake ni kutafuta programu kwa jina ndani ya PATH, orodha ya folda za programu. Akapewa jina "python3 -u", nafasi ikiwa ni sehemu ya jina. Akaitafuta programu yenye jina hilo. Haipo. Akasema haipo. Hakukosea.

Asiyeamini aitazame kwa strace, chombo kinachoonyesha kila ombi la programu kwa kerneli. Mimi niliiendesha kwa ajili ya yule kijana tu, maana alikuwa bado anashikilia kwamba Ubuntu imewekwa vibaya:

execve("/usr/local/sbin/python3 -u", ["python3 -u", "./soma_mizani"], ...) = -1 ENOENT
execve("/usr/local/bin/python3 -u", ["python3 -u", "./soma_mizani"], ...) = -1 ENOENT

na kuendelea hivyo, folda moja baada ya nyingine, mpaka PATH inakwisha. Alama za kunukuu ndizo zinazosema kweli hapo. Ziko nje ya -u, si kabla yake.

Angalia pia ule mstari wa tatu kwenye terminali, "Jumla: 0.0". Huo ulinitia wasiwasi kuliko makosa mawili yaliyo juu yake. Soma_mizani ilishindwa kabisa, lakini jumla iliona paipu imefungwa, ikahesabu sifuri na kuondoka kwa amani. Sheli nayo inaripoti hali ya amri ya mwisho kwenye paipu, kwa hiyo anza.sh ilimaliza kana kwamba kazi imefanyika. Kama ingekuwa inaendeshwa usiku bila mtu mbele ya skrini, ghala lingepata ripoti safi ya siku isiyo na gunia hata moja.

Sasa suluhisho, kwa mpangilio lilivyojaribiwa.

Kabla hajanipigia, karani alikuwa ameshaufuta mstari wote wa kwanza, kwa hoja kwamba mstari unaoleta kosa ukiondoka na kosa litaondoka. Bila #! kerneli inalikataa faili, inarudisha kosa la muundo usiojulikana, na hapo sheli inafanya ilivyofanya kabla ya 1980: inajaribu kuisoma skripti yenyewe. Sheli ikaanza kusoma Python kama ni amri zake. Neno import lililo juu ya skripti likaitwa kama programu. Kwenye kompyuta ya ghala ilisema import haipatikani, na hiyo ilikuwa bahati. Mashine yenye ImageMagick inayo programu ya jina hilo, nayo inapiga picha ya skrini. Kishale cha mausi kinageuka msalaba na mtu anabaki anashangaa. Mstari ukarudishwa.

La pili lilitoka kwa kijana mwenyewe kwa simu: toa -u, acha mstari uishie kwenye python3. Skripti ikakubali mara moja. Makosa hayakuonekana tena, karani akashukuru, simu zikakatwa.

Gunia la kwanza likapimwa. Skrini tupu. La pili, tupu. La kumi, tupu. Mama mmoja akauliza kama mizani inapima au inapumzika.

Python ikiona matokeo yake yanakwenda kwenye terminali, inatoa mstari kwa mstari. Ikiona yanakwenda kwenye paipu, inayakusanya kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya baiti 8192 na kuyatoa kwa mkupuo bafa ikijaa, kama gari ya shamba isiyoondoka mpaka ipate abiria wa mwisho. Mstari mmoja wa soma_mizani unaonekana hivi:

2024-08-06 09:14:22 41.6

Hiyo ni herufi 24, na mwisho wa mstari ni ya 25. Gawa 8192 kwa 25: yanahitajika magunia zaidi ya 320 kabla skrini haijaonyesha hata moja. Kijana alipojaribu kwa mkono bila paipu kila kitu kilitokea papo hapo, kwa hiyo akasisitiza kwamba sasa ni sawa. Na ni kweli ilikuwa sawa, kwenye terminali.

Kibaya zaidi ni kwamba kilichomo kwenye bafa kimo kwenye kumbukumbu tu. Mchana wa siku hiyo mtu alichomoa plagi ya kompyuta ili achaji simu yake, na mistari yote iliyokuwa ikisubiri ikapotea. Bahati nzuri karani ni mtu wa zamani kidogo, alikuwa anaandika kilo kwenye daftari sambamba na kompyuta. Magunia yote yalilipwa kutoka kwenye daftari. Kwa maoni yangu suluhisho hili lilikuwa baya kuliko kosa la awali, maana kosa lilipiga kelele na hili lilinyamaza.

La tatu ndilo lililopendekezwa na env mwenyewe kwenye ule mstari wa pili wa makosa:

#!/usr/bin/env -S python3 -u

Chaguo la -S linamwambia env: kipande ulichopewa kigawanye mwenyewe kwa nafasi. FreeBSD imekuwa nalo tangu siku za toleo la 6.0, palepale kerneli yake ilipoacha kugawa. Env ya GNU, inayokuja na Linux nyingi, ililipata kwenye coreutils 8.30, kifurushi chake cha amri za msingi, mwaka 2018. Kwenye Linux kerneli inampa env kipande kimoja "-S python3 -u", naye anakikata. Kwenye Mac kerneli imeshakata, env anapewa -S na python3 na -u mbalimbali, na matokeo yanafika pale pale kwa njia nyingine. Ubuntu 22.04 ikakubali, Mac ikakubali, kilo zikatokea gunia likikaa tu. Kwa mtu mwenye mashine mpya tupu kisa kingeishia hapa, na mimi mwenyewe natumia -S bila wasiwasi pale ninapozijua mashine zote.

Hapa hatukuzijua zote. Ghala hilo lina mwenzake mdogo pwani ya mashariki ya Unguja, na huko kompyuta ni ya zamani, Ubuntu 18.04. Coreutils yake ni 8.28:

/usr/bin/env: invalid option -- 'S'

Matoleo mawili tu nyuma. Kusasisha mfumo mzima wa mashine inayofanya kazi vizuri, kwa ajili ya herufi moja kwenye skripti ya kupimia, mimi sikushauri.

Kijana akaleta wazo la nne: aachane na env, aandike njia kamili ya Python iliyo ndani ya mazingira ya skripti, kisha -u. Yaani msomaji ni python moja kwa moja na -u ndicho kipande pekee kinachofuata. Kimantiki ni sawa, kipande kimoja kinakubalika kila mahali. Lakini folda yake aliiita "Mizani ya Mwani", kwa nafasi mbili katikati. Kerneli haijui alama za kunukuu wala mkwaju wa kukwepesha nafasi. Neno la kwanza linaishia penye nafasi ya kwanza, basi. Msomaji angekuwa /home/ghala/Mizani. Na hata folda ikibadilishwa jina, kuna urefu. Linux ilisoma baiti 128 za mwanzo tu mpaka kerneli 5.1 ya mwaka 2019 ilipoongeza hadi 256, na mashine ya pwani inatumia 4.15. macOS inasoma 512. Mstari mrefu unaokwenda Mjini unaweza kukatwa katikati ya njia huko kwingine. Pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, inalijua hili: ikiona njia ni ndefu mno au ina nafasi, inaandika #!/bin/sh juu ya faili na kutumia ujanja wa sheli kumwita Python kwa zunguko.

Tulichofanya mwisho ni kurudisha mstari kwenye umbo lake la uchi:

#!/usr/bin/env python3

na kulipeleka hitaji la -u ndani ya programu, kwenye mstari unaoandika uzito:

print(saa, kilo, flush=True)

Hoja yangu kwa kijana ilikuwa hii: kutoa kilo papo hapo ni sharti la kazi ya skripti, si namna ya kuiita. Mtu akiiita kwa python3 mbele, kama alivyofanya karani asubuhi ile, mstari wa kwanza hausomwi na -u inapotea kimyakimya. Ikiwa ndani ya print, inabaki popote skripti itakapoitwa na yeyote. Yeye alitaka kutumia sys.stdout.reconfigure, ambayo inapanga mambo mara moja kwa programu nzima na kwa kweli inapendeza zaidi, lakini hiyo imekuja na Python 3.7 na mashine ya pwani ina 3.6. Flush ndani ya print ipo tangu 3.3.

Kwenye anza.sh tukaongeza pia ukaguzi: jumla ikipata paipu tupu, itoke kwa kosa na iseme hakuna uzito uliopokelewa. Hilo halihusiani na mstari wa kwanza, ila sifuri ile ilinikera.

Palikuwa na kituko kimoja cha kuongezea. Faili lililosahihishwa lilipelekwa pwani kwa flashi, na njiani lilifunguliwa kwenye laptop ya Windows na kuhifadhiwa upya. Likafika na hivi:

/usr/bin/env: ‘python3\r’: No such file or directory

Windows inamaliza mstari kwa baiti mbili, \r na \n. Kerneli ya Linux inaukata mstari penye \n tu, na \r haihesabu kuwa nafasi, kwa hiyo inabaki imeng'ang'ania mkiani mwa jina. Env ya siku hizi inaionyesha wazi. Programu zisizoionyesha zinairuhusu irudishe kishale mwanzo wa mstari, na ujumbe wa kosa unajifuta wenyewe nusu. Laptop ile ile haikulalamika kamwe kwa sababu Windows yenyewe haiujui mstari huu: anayeusoma ni kizindua cha py.exe kinachokuja na Python tangu 3.3, nacho kina kanuni zake na \r haikisumbui. Amri moja ilitosha:

sed -i 's/\r$//' soma_mizani

na kwenye git, chombo cha kutunza matoleo ya faili, kijana akaweka *.py text eol=lf ndani ya .gitattributes. Soma_mizani haina kiambishi cha .py, kwa hiyo ilimbidi aitaje kwa jina.

Kwa atakayekutana na kitu cha namna hii chini ya systemd, inayoendesha huduma za Linux zenyewe, ambapo hakuna mtu wa kusoma terminali, namba ya kutokea (ile programu inayoiacha ikimalizika) inatenganisha visa viwili. 127 maana yake env aliitwa, akatafuta, akakosa. Tazama nafasi na \r baada ya jina la programu. 203/EXEC maana yake kerneli yenyewe ilishindwa kumwita msomaji. Tazama njia iliyo mara tu baada ya #!. Na kabla ya kutazama chochote, head -1 faili | od -c inaonyesha baiti moja moja, pamoja na zile tatu za BOM, alama isiyoonekana ya usimbaji, ambazo baadhi ya vihariri huzibandika mbele ya alama ya reli na kuifanya kerneli isiione.

Katika skripti zote za ghala ni moja tu iliyobaki na neno la ziada juu yake, ile ya awk, lugha ndogo ya kuchakata maandishi, inayotoa jumla za mwezi:

#!/usr/bin/awk -f

Kijana alitaka kuiondoa nayo. Nilimwambia aiache. Bila -f awk angeichukua njia ya skripti kuwa ndiyo programu ya kuendesha, na -f ni kipande kimoja: Linux haina cha kuunganisha, macOS haina cha kugawa.